Wa kutunza apite wapi?

Ukitaka kujua kama uwanja wa muziki umechorwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye taarab, usianze kutazama jukwaa. Tazama njia ya kutoka kwenye kiti mpaka alipo mwimbaji. Kama haipo, au ipo lakini inapanda ngazi kali na kukatiza kwenye nyaya za spika, basi aliyechora alikuwa akiwafikiria watu wanaokaa kimya mwanzo hadi mwisho, wakapiga makofi, wakenda zao. Kwetu huyo hajasikiliza bado.

Kazi yangu ni usanifu wa mandhari: bustani, vijia, mabaraza, wapi upandwe mti na maji ya mvua yapite wapi. Kazi nyingi ni za mahoteli, sitawadanganya. Lakini juzijuzi nililetewa mchoro nitoe maoni. Kuna watu wanataka kujenga makumbusho ya muziki hapa Unguja, na jengo lenyewe sikuombwa kulisemea, nje tu. Mchoro unapendeza macho. Ngazi za kukalia za nusu duara, jukwaa la mbao, miti imepangwa mstari kama askari. Na kati ya ngazi na jukwaa, mfereji wa maji wenye upana wa mita mbili na nusu, taa chini yake, ili wasanii wajione kama kwenye kioo.

Nilikuwa nimeutandaza mezani, khalati yangu, ndugu yake mama, alipoingia. Khalati aliitikia katika kikundi kimoja cha taarab miaka mingi, mpaka magoti yalipomkatalia. Akavaa miwani, akaufuata mchoro kwa kidole.

"Hapa ndipo akaapo mwimbaji?"

"Ndipo, khalati."

"Na watu huku?"

"Huko."

"Na haya ya buluu?"

"Maji."

Akaivua miwani. "Sasa wa kutunza apite wapi, mwanangu? Aogelee?"

Nina wasomaji wa bara na wengine wako Ulaya ambao labda hawajaiona taarab ya Unguja uso kwa uso, kwa hiyo nielezee kidogo. Wapigaji wanaanza, kanuni na fidla na udi na akodioni, utangulizi mrefu usio na haraka. Mwimbaji anaingia, anatoa beti ya kwanza. Mahali fulani katikati ya watu kuna mwanamke ambaye maneno yale yamemgusa. Pengine yanamsema mke mwenziwe, pengine jirani, pengine yanamkumbusha mtu aliyesafiri. Anainuka. Hakimbii. Anakwenda na mdundo, noti ameikunja katikati ya vidole viwili na mkono ameuinua ionekane, na akiwa njiani anaweza kugeuka nusu akamtazama yule anayekusudiwa, midomo ikifuatisha maneno bila sauti. Anafika, anaiweka noti mkononi mwa mwimbaji, ambaye anaipokea bila kukata wimbo, kisha anarudi polepole kuliko alivyokwenda. Huko ndiko kutunza. Kitikio kikirudi, nyuma yake wameshainuka wanne.

Njia ile, basi, ni jukwaa la pili, na wakati mwingine ndilo linalotazamwa zaidi. Ukiikata umeikata nusu ya taarab.

Ikishaeleweka hivyo, vipimo vinakuja vyenyewe. Wanawake wawili wenye magauni ya harusini wapishane bila kugusana mabega: mimi sishuki chini ya mita 1.8. Sakafu iwe bapa, isiyo na kigae cha kung'aa, maana viatu vya kisigino na kigae chenye umande wa usiku havipatani. Taa zitoke ubavuni, zisimpige mtu usoni anapokwenda wala asiende gizani kama mwizi. Mbele ya mwimbaji paachwe nafasi ya watu watano au sita kusimama bila kuwaziba waliokaa. Na jukwaa lisizidi urefu wa baraza, sentimita 40 au 45. Majukwaa ya kukodi ya matamasha humweka mwimbaji kifuani mwa mtu au juu zaidi, na nimeona waimbaji wakubwa wakichuchumaa kama wanaokota kitu ili kupokea tunzo. Haipendezi hata kidogo.

Lakini taarab ya klabu ni sehemu tu ya muziki wa hapa, na kila muziki una umbo lake chini. Kidumbak, ndugu mdogo wa taarab, hakina mbele wala nyuma. Fidla, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbak, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonga, na lile sanduku lililokuwa la majani ya chai likatiwa mti na uzi likawa besi. Wapigaji wanakaa uwani chini ya turubai, na watu wanawazunguka pande zote, wachezaji ndani ya duara, watoto wamepenya baina ya miguu ya wakubwa. Ukiwapandisha watu wa kidumbak kwenye jukwaa, wakawa wanatazama upande mmoja, unapata picha nzuri ya kalenda na ngoma iliyopoa. Wao wanataka mduara wa ardhi ngumu, kipenyo cha mita kumi hivi, usawa mmoja na watazamaji, na kivuli juu.

Halafu kuna beni. Beni haikai. Tarumbeta na ngoma kubwa zinapita mtaani, watu wanazifuata, wengine wanazitangulia wakicheza kinyumenyume. Mbwa Kachoka, kikundi cha beni cha hapa, wakishatoka, huwezi kuwaambia wasimame kwenye alama ya chaki. Kwa hiyo uwanja wa makumbusho ya muziki hauwezi kuwa mfuko wenye mdomo mmoja. Lazima uwe na pa kuingilia na pa kutokea, mtaa huu na mtaa ule, ili beni ipite katikati na watu wa mtaani waingie nayo bila kuulizwa tiketi. Mchoro niliopewa una geti moja. Geti zuri, la mbao za kuchonga.

Najua mtu atasema makumbusho ni ndani, nje ni mapambo. Kwa vyungu na sarafu sawa. Kwa muziki sikubali. Kanuni ndani ya kabati la kioo ni ubao wenye nyuzi sabini na kitu, basi. Mgeni anaisoma kadi, anapiga picha, anapita. Kinachokosekana pale ndicho kilichomfanya mtu aitengeneze, na hicho kinahitaji hewa, watu na usiku. Tazama Makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, pale Shangani, yaliyofunguliwa Novemba 2019. Alizaliwa hapa Mji Mkongwe 1946, Farrokh Bulsara, na familia ikaondoka 1964. Nyumba imo barabara ya Kenyatta, na kama nyumba nyingi za mjini, ukitoka mlangoni uko barabarani. Si kosa la mtu, ndivyo mji ulivyojengwa. Lakini hebu simama pale saa kumi jioni. Watu wanatoka ndani wamejaa nyimbo kichwani na hawana pa kuzipeleka. Wanasimama kidogo, wanapisha gari, wanatawanyika.

Wanatawanyika kwenda wapi? Forodhani. Na Forodhani ndiyo darasa langu. Bustani ile ilipangwa miaka ya 1930, ikaitwa Jubilii, na katikati pakawekwa kibanda cha bendi ambapo beni ya Sultani ilipiga kwa ajili ya watu wote. Ikachakaa, ikakarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa tena 2009. Waliokuja na kalamu kuikosoa ni wengi, nami nina yangu machache, lakini jambo moja pale limefanikiwa sana na sioni linatajwa: kuta fupi za kukalia zinazokaliwa pande zote mbili. Unakaa ukitazama bahari na vijana wanaojirusha majini. Ukichoka unageuza miguu, unatazama mishikaki na juisi ya miwa na watu. Hakuna aliyekupangia cha kutazama. Familia nzima inaweza kukaa ukuta mmoja, bibi anatazama bustani, wajukuu baharini. Kiti cha kudumu kinachoelekea jukwaani kinafanya kazi saa mbili kwa wiki. Ukuta wa aina hii unafanya kazi kila jioni, na siku ya muziki unageuka kuwa ukumbi bila kuhamisha kitu.

Nyuma yake tu ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, ikapitia mengi, hata karakana ya reli ya Bububu ikawamo. Ndani kuna ukumbi wa ngazi wa mviringo na upande wa pili uwanja wa majani, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, huvitumia vyote viwili mwezi wa Februari. Nenda siku ya tamasha ukaangalie watu walivyo. Kwenye ngazi wamekaa. Kwenye majani wanacheza, wanazunguka, wanasalimiana, wanakwenda kununua chakula na kurudi. Mkandarasi atakwambia ngazi ndizo "ukumbi" na majani ni "nafasi iliyobaki". Mimi nikipewa bajeti ndogo nitaanza na majani.

Sasa sauti, ambayo wachoraji wengi wa mandhari huiachia fundi wa spika. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Lakini vichochoroni mwetu kuta za mawe ya matumbawe zinaibeba sauti na kuirudisha, haipungui hivyo. Fidla inayopigwa ghorofani unaweza kuifuata pembe tatu mbele. Uwanja uliozungukwa na kuta tupu zilizopigwa saruji utavuma, maneno yatagongana, na taarab bila maneno ni nini? Ndiyo maana nimependekeza ukuta wa nyuma uvunjwevunjwe kwa mabaraza, vidaka na mimea ya kutambaa, na sakafu ya katikati iwe mchanga ulioshindiliwa badala ya vigae. Upepo nao una zamu zake. Sauti inayokwenda na upepo hufika mbali, inayokwenda kinyume nao hupanda juu na kuwapita watu. Kusi kinavuma kutoka kusini, kaskazi kutoka upande wa pili, kwa hiyo jukwaa moja la zege lililofungwa kuelekea upande mmoja litakuwa zuri nusu mwaka na kero nusu ya pili. Jukwaa la kuhamishika, majukwaa ya mbao ya kuunganisha, yanayowekwa kulingana na msimu: hilo ndilo nililoandika. Na spika ndogo nyingi karibu na watu badala ya mbili kubwa za kuamsha mji mzima.

Maana mji una misikiti, na ratiba ya uwanja wowote wa Unguja muadhini ameshaichora kabla ya mhandisi hajafika. Taarab yenyewe inajua hilo, huanza isha ikishaswaliwa. Lakini mazoezi ya jioni, wageni wanaotaka burudani ya machweo, hayo yanahitaji mpango: swichi moja ya kuzima sauti yote, iliyo karibu na mlinzi, si kwenye chumba kilichofungwa ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula.

Na Ramadhani je? Mwezi mzima hakuna muziki. Uwanja usio na kazi nyingine utakuwa jangwa mwezi mzima, na kwa kweli siku nyingi za kawaida pia. Hapa ndipo ninapouliza maswali yasiyopendwa mikutanoni. Vyoo viko wapi, na vya wanawake ni vingapi? Bomba la maji? Stoo ya viti vya plastiki na mikeka? Soketi za umeme za wauza kashata na kachori, au watavuta waya juu ya vichwa vya watu? Kuna pahali ambapo akina mama wanaweza kukaa wakapumua bila kuwa kwenye maonyesho, baraza la pembeni lenye kisogo cha ukuta na kivuli cha saa kumi, jua linapopiga kutoka baharini? Nimependekeza mikungu, ina matawi mapana ya tabaka na inavumilia chumvi. Inaangusha majani mengi, najua. Mtu alipwe kufagia.

Watu hunitumia sana picha za Nyumba ya Muziki ya Hungaria, iliyofunguliwa Budapest Januari 2022, kazi ya Mjapani Sou Fujimoto. Paa pana lenye matundu karibu 100, miti imepenya humo. Ni nzuri, sina ubishi. Ila wao walikuwa wakitafuta mwanga, sisi tunaukimbia. Ninachokichukua kule ni kwamba ukingo wa paa umetokeza mbali na kuta, na mpita njia aliyekuja bustanini tu anapata hifadhi bila kununua kitu.

Wazo langu ninalolipenda kuliko yote halina gharama kubwa, na limetoka utotoni. Klabu za zamani zilifanya mazoezi usiku, madirisha wazi kwa joto, na baraza la chini ya dirisha lilijaa watu ambao hawakualikwa. Hakuna aliyewafukuza. Wimbo mpya ulijulikana mtaani kabla ya kuimbwa harusini, wenye masikio walishaamua kama unafaa. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Fikiria mabaraza mangapi yamejifunza nyimbo zake kwa njia hiyo. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi nacho, miaka mingi kilipokuwa ghorofa ya juu ya Forodha Kongwe pale Mizingani, kilikuwa kikimwaga kanuni na udi juu ya wapita njia bure. Kwa hiyo: chumba cha mazoezi cha makumbusho kisiwekwe nyuma, kisifungwe vioo na viyoyozi. Kiwe upande wa mtaa, ghorofa ya kwanza, madirisha makubwa ya mbao, na chini yake baraza refu. Basi. Huo ndio ukumbi wa kila siku, hauna ratiba wala tiketi, na mtoto wa mtaani atakua akiujua muziki kwa makosa yake yote, jinsi wimbo unavyokatwa katikati na kuanzwa upya.

Kiwanja bado hakijaamuliwa. Wengi wanataka Mji Mkongwe kwa sababu ya watalii. Mimi nasema Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarab, alizaliwa Fumba yapata 1880, akaja mjini, na inasimuliwa kwamba alikuwa akitembeza vyungu huku sauti yake ikimtangulia mitaani. Kabla na baada ya kwenda kurekodi Bombay 1928, watu walimsikilizia Ng'ambo, nyumbani kwake. Kidumbak ni cha Ng'ambo. Wapigaji wengi wanaishi huko, na taarab ikimalizika usiku wa manane mtu atembee dakika kumi mpaka kwake kwenye njia yenye taa, asianze kutafuta gari la kumtoa Shangani. Tena Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kupanua mlango bila vibali vya kila ngazi, na makubwa yake yenyewe yana majeraha: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la Sultani, iliporomoka Desemba 2020, watu wawili wakafa. Ng'ambo nafasi zipo bado, ndogondogo, baina ya nyumba, kila siku zinazidi kulika.

Kitu kimoja sijakimaliza nacho ni upana wa njia ya beni. Nimepima mitaa michache ya Kikwajuni na Miembeni, lakini mitaa ya leo ina pikipiki zilizoegeshwa, vibaraza vipya na makaro, haisemi kweli. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya beni ikipita mtaani, ya zamani au ya sasa, hata kama imekwaruzika, nitumieni pamoja na jina la mtaa. Picha yenye mlango au dirisha linaloonekana ndiyo bora zaidi, kwa sababu mlango naweza kwenda kuupima.